Shangazi Msafiri: Maswali yenu kuhusu Kailua-Kona

Toleo lililopita niliutaja kwa mistari mitatu tu mji wa Kailua-Kona, ulioko pwani ya magharibi ya kisiwa kikubwa cha Hawaii, nikasema ni mji mdogo wa bahari wenye kasri la wafalme, ambao miaka mizito kuliko yote ya ufalme wa Hawaii ilipita kwenye ghuba yake moja. Barua zikamiminika. Wengi wenu mnaishi Marekani tayari, na kwenu Hawaii ni safari ya jimbo hadi jimbo. Wengine mmeuliza kwa hamu tu ya kujua, na hamu hiyo naipenda zaidi.

Kwa msionifahamu: mimi ni mzaliwa wa Lamu, na riziki yangu kwa miaka mingi ilikuwa kuwatembeza wageni kwenye majumba ya kale. Kailua nilikaa kwa mwanangu alipokuwa akifanya kazi kisiwani humo. Kwa hiyo mtaniwia radhi nikisimulia kuta zaidi ya fukwe.

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni muuguzi. Mwezi wa tano nampeleka mama yangu Hawaii. Ana umri wa miaka 71 na magoti yanamsumbua. Tutakaa Kailua siku mbili kisha tuendelee Honolulu. Dada mmoja kazini ameniambia mji wenyewe ni maduka ya fulana matupu, heri nikodi gari niende mbali. Ni kweli? – M.K., Houston, Texas*

Marahaba mwanangu, na mama mfikishie salamu. Dada wa kazini hakudanganya kuhusu fulana. Ali'i Drive, barabara inayofuata ukingo wa bahari, imejaa fulana, barafu ya rangi na kasa wa plastiki, na siku ambayo meli ya kitalii imetia nanga hupati hata pa kusimama. Meli kubwa haziwezi kufunga kwenye gati la pale, hivyo abiria hushushwa kwa boti, boti baada ya boti, na wote humwagwa sehemu moja. Tazama kwanza ratiba ya meli, halafu mtoe mama mapema, saa mbili asubuhi hivi, jua likiwa bado na adabu.

Ila gari, siku ya kwanza, liache. Mambo makubwa ya Kailua yako ndani ya mwendo wa dakika chache, tambarare, na bahati nzuri yamepangika kwa mfuatano wa miaka. Anzeni gatini. Ukielekea bahari, upande wa kulia kuna kifukwe kidogo cha mchanga na jukwaa la mawe meusi lenye nyumba za nyasi, mnara wa miti na sanamu za mbao. Hilo ni hekalu la Ahu'ena, na eneo lote lile huitwa Kamakahonu. Hapo aliishi Kamehameha wa Kwanza, aliyeviunganisha visiwa vyote chini ya mfalme mmoja kufikia 1810. Alihamia hapo 1812 na hapo ndipo alipofia, Mei 1819. Mifupa yake ilifichwa kwa desturi yao, na hadi leo kaburi lake halijulikani lilipo.

Mtakachokiona kilijengwa upya katika miaka ya 1970 kwa uangalizi wa Bishop Museum, jumba la makumbusho la Honolulu, na leo kimekaa mbele ya hoteli. Nakwambia mapema usije ukanuna: ndiyo, kuna viti vya hoteli na watoto wenye maboya hatua chache tu kutoka hekalu la mfalme. Kukanyaga jukwaa ni marufuku. Mketishe mama mchangani, mtazame ile sanamu ndefu kuliko zote. Juu ya kichwa chake ametua ndege wa mbao, kolea, ambaye ndugu zake walio hai huruka kila mwaka kutoka Hawaii hadi Alaska na kurudi.

Mkiwa hapo hapo msimulie mama kisa hiki, maana nadhani atakipenda kuliko yote. Katika dini ya zamani, mwanamke hakuruhusiwa kula pamoja na mwanamume. Nguruwe, nazi, na aina nyingi za ndizi zilikuwa mwiko kwake, na adhabu ya kuvunja mwiko ilikuwa kifo. Kamehameha alipofariki, wajane wake wawili wakubwa, Ka'ahumanu na Keopuolani, walimkalia kitako mfalme mpya Liholiho, ambaye ni mtoto wa Keopuolani. Miezi kama sita baadaye, kwenye karamu iliyofanyika Kamakahonu, kijana aliinuka upande wa wanaume, akaenda akaketi na wanawake, akala. Mbele ya watu wote. Baada ya hapo mahekalu yakaamriwa yabomolewe na sanamu zichomwe. Binamu yake, Kekuaokalani, alikataa, akapigana na majeshi ya mfalme pale Kuamo'o, kusini mwa mji. Akauawa, na mkewe Manono akauawa ubavuni mwake.

Hapa ndipo wageni wengi wanapokosea. Hudhani wamishenari ndio waliovunja dini ya Hawaii. Wamishenari walikuwa wangali baharini! Walitoka Boston Oktoba 1819 kwa jahazi lililoitwa Thaddeus, wakafika Kailua tarehe 4 Aprili 1820, wakakuta kazi waliyoiogopa kuliko zote imeshafanywa na wanawake wa jumba la mfalme.

Sasa geukeni, mfuate ukuta wa bahari. Baada ya mwendo mfupi mtaona mnara mweupe wa kanisa, wenye urefu wa mita 34 hivi. Ndilo Mokuaikaua, kanisa kongwe kuliko yote Hawaii; jengo lililopo lilimalizika 1837. Hapa mnivumilie. Mimi nikiingia jengo la kale huanza kwa kugusa ukuta, na ukuta huu ulinishika mkono. Mawe ni ya volkano, meusi, mengine yametolewa kwenye hekalu la zamani lililoachwa. Lakini kinachoyashikanisha ni chokaa ya matumbawe yaliyochomwa. Ni kazi ile ile ya tanuu zetu za Lamu na Pate: unatoa tumbawe baharini, unalipangia kuni, unalichoma, unapata chokaa. Wao wakachanganya na mafuta ya mbegu za mti uitwao kukui. Watu wa bahari mbili ambao hawajawahi kuonana wameishia kwenye dawa moja ya ukuta, kwa sababu wote walikuwa na mwamba wa bahari na hawakuwa na kingine. Juu, nguzo na mihimili ni ya mti wa ohia, mgumu ajabu. Ndani kuna mfano mdogo wa jahazi la Thaddeus. Kuingia ni bure, ila kuna kisanduku cha sadaka, na jengo la umri huo linahitaji sadaka.

Kasri la Hulihe'e liko ng'ambo ya barabara, nalieleza kwenye barua inayofuata. Mkimaliza hapo mama atakuwa amechoka vya kutosha, mtafuteni kivuli na samaki.

Siku ya pili ndiyo kodi gari, mteremke kusini hadi Pu'uhonua o Honaunau, ambayo ni hifadhi ya taifa. Hapo palikuwa kimbilio. Aliyevunja mwiko, akaweza kufika ndani ya ukuta ule kabla hajakamatwa, alisafishwa na kuhani akarudi kwao mzima. Ukuta upo mpaka leo: mawe yamepangwa makavu bila chokaa hata chembe, urefu wa kimo mita tatu na nusu hivi, unene unakaribia mita tano na nusu. Nimesimama mbele yake nikajiona sijui kitu kuhusu mawe. Njia ni tambarare ingawa ina mchanga. Mama avae viatu vilivyofungwa. Mkienda, chukueni maji na kofia, kwani kivuli ni cha minazi tu, na mnazi mnaujua.

*Shangazi, mimi ni mwalimu wa historia. Marekani ni nchi iliyojitenga na wafalme, sasa hilo kasri limetoka wapi? Ni la kweli au ni la kuwafurahisha watalii? – Mwalimu, Bukoba*

La kweli kabisa, mwalimu wangu. Hawaii ilikuwa ufalme unaotambuliwa na mataifa. Malkia wake wa mwisho, Lili'uokalani, alipinduliwa 17 Januari 1893, Marekani ikavitwaa visiwa 1898, na jimbo wakawa 1959. Kwa hiyo bendera ya Marekani ndiyo mgeni pale.

Kasri la Hulihe'e lilijengwa 1838 na gavana wa kisiwa, Kuakini, kaka yake Ka'ahumanu, aliyejiita John Adams kwa kumwiga rais wa Marekani. Ukitarajia kasri la dhahabu utavunjika moyo. Ni nyumba ya ghorofa moja juu, vyumba sita vikubwa, baraza linalotazama bahari, upepo unapita mlango hadi mlango. Kuta ni za mawe ya volkano. Mfalme Kalakaua, aliyelitumia kama nyumba ya mapumziko, ndiye aliyelipiga lipu nje likapata sura ya kizungu.

Mwenye nyumba ninayempenda mimi ni Binti Mfalme Ruth Ke'elikolani. Alikuwa mwanamke mrefu, mnene, gavana wa kisiwa kwa miaka mingi, na mmiliki wa ardhi kubwa kuliko mtu yeyote wa zama zake huko. Kiingereza alikielewa, lakini alikataa kukizungumza. Mwenye shida naye alete mkalimani. Kasri alikuwa nalo, ila usingizi wake aliulala kwenye nyumba ya nyasi uani, na humo ndimo alimofia 1883. Mwaka 1881 volkano ya Mauna Loa ilipoelekeza moto wake mji wa Hilo, watu walimwita, akaenda licha ya uzito na umri, akatoa matambiko kwa Pele, mungu wa volkano. Uji wa moto ulisimama karibu na mji. Mwanajiolojia ana maelezo yake. Wazee wa Hilo wana yao.

Ardhi yake alimrithisha binamu yake Bernice Pauahi Bishop, na kutokana na urithi huo zikazaliwa shule za Kamehameha kwa ajili ya watoto wa Kihawaii, zilizofunguliwa 1887 na zingalipo. Waambie wanafunzi wako: mwanamke aliyekataa Kiingereza ndiye ambaye ardhi yake inasomesha.

Wafalme walipokwisha, samani ziliuzwa kwa mnada, ila kabla hazijatawanyika kila kipande kiliandikiwa namba na jina la mnunuzi likaorodheshwa. Baadaye chama cha kina mama kiitwacho Daughters of Hawai'i, ambacho ndicho kinachotunza kasri hadi leo, kilifuata orodha hiyo kikarudisha vitu vingi mahali pake. Nani alifikiria kuandika orodha ile? Angekuwa Lamu ningemwombea dua kila Ijumaa. Sisi milango yetu mingapi imeuzwa bila hata karatasi? Tetemeko la Oktoba 2006 lilizipasua kuta vibaya, zikakarabatiwa. Siku za kufungua hubadilika, piga simu kwanza, na usipige picha ndani bila kuuliza.

*Je, kutoka Kailua tunaona volkano inayowaka? – Baba Asha, Dar es Salaam*

Hapana. Kilauea iko upande wa pili wa kisiwa, ni safari ya gari ya saa mbili na zaidi kwenda tu. Lakini volkano mtaikanyaga mkishuka kwenye ndege: uwanja wa Kona, jina la eneo lote linalozunguka Kailua, umejengwa juu ya uji wa moto ulioganda, uliomwagwa na mlima Hualalai mwaka 1801. Ni weusi mtupu mpaka baharini, na ukiutazama kutoka dirishani utajiuliza rubani ameona nini cha kutua hapo.

*Mimi ni mkulima wa kahawa huku Kilimanjaro. Mpwa wangu ameniletea pakiti imeandikwa Kona, anasema bei yake ingenilipia mbolea ya msimu. Nimeinywa, naona ya kawaida. Wanatuzidi nini? – Mzee wa Kibosho, Moshi*

Mzee wangu, shikamoo. Kabla hujaihukumu, igeuze pakiti usome maandishi madogo. Kama imeandikwa ni mchanganyiko, basi kwa miaka mingi sheria ya Hawaii imeruhusu pakiti ibebe jina la Kona ikiwa na asilimia 10 tu ya kahawa ya Kona. Asilimia 90 iliyobaki yaweza kutoka popote duniani, pengine hata shambani kwako. Wakulima wa huko wameipigia kelele sheria hiyo muda mrefu, na mwaka 2024 ilipitishwa nyingine inayotaka asilimia 51 kuanzia Julai 2027. Mwambie mpwa safari nyingine atafute iliyoandikwa Kona asilimia 100.

Sasa wanazidi nini. Udongo wa volkano mnao nyote wawili. Kwa mwinuko nyinyi mko juu zaidi. Mashamba yao yako chini, mengine unaona mawimbi kutoka kwenye mti wa kahawa. Lakini Kona iko mbali na ikweta, digrii 19 na zaidi kaskazini, kwa hiyo baridi mnayoifuata nyinyi mlimani wao wanaipata chini. Na kuna jambo nililolishuhudia: asubuhi jua kali, ikifika saa saba au nane mchana mawingu yanashuka mlimani kufunika mashamba, kama mtu aliyeamrishwa. Kahawa inapata kivuli bila kupandiwa migomba.

Kahawa ilifikishwa Kona 1828 na mmishenari Samuel Ruggles. Baadaye mashamba makubwa yalipoanguka, ardhi ilikatwa vipande vidogo ikakodishwa kwa familia, nyingi za Kijapani, na mpaka leo ni mashamba ya familia, ekari chache kila moja, yanayochumwa kwa mkono. Hapo ningekutuma uende shamba la makumbusho la Kona Historical Society, lililokuwa la familia ya Uchida, juu ya mji kuelekea kusini. Limebakizwa kama lilivyokuwa kati ya miaka ya 1920 na 1940: mashine ya kumenyea, roshani ya kuanikia yenye paa la kusukuma linalofunikwa mvua ikija, bafu la Kijapani, na punda. Punda walibeba magunia, na kwa kelele zao watu waliwaita ndege waimbaji wa Kona.

Na tusidhani wenzetu wana raha. Mdudu anayetoboa buni aligunduliwa Kona 2010, na asili ya mdudu huyo ni Afrika. Kutu ya majani ikabisha hodi Hawaii 2020. Mkulima mmoja niliyezungumza naye aliponisikia natoka Afrika Mashariki aliniuliza nyinyi mnapulizia nini. Sikuwa na jibu, wewe unalo. Mkitaka sherehe, tamasha la kahawa la Kona hufanyika kila Novemba tangu 1970.

Bei? Mshahara wa mchumaji kwa sheria za Marekani ndio unaokunywesha ghali hivyo. Ladha peke yake haifikishi bei hiyo, nakubaliana nawe.

*Assalaam aleikum Shangazi. Tunakwenda familia nzima, watoto watatu. Tule nini? Na ile karamu ya luau tuingie? – Mama wa watatu, Minneapolis*

Waaleikum salaam. Luau ni karamu ya ngoma na chakula, na kitovu chake ni nguruwe mzima aliyeokwa shimoni kwa mawe ya moto. Ngoma ni nzuri, baadhi ya hoteli huweka kuku na samaki pia, lakini tiketi ni ya bei, na mtalipia sahani msiyoigusa. Mimi nisingekwenda. Laulau nayo ulizeni: ni kifurushi cha majani ya magimbi, harufu yake itawaita, ila mara nyingi ndani ni nguruwe.

Njaa hamtakufa. Jodari mbichi waliokatwa vipande na kukolezwa kwa sosi ya soya, mafuta ya ufuta na mwani huitwa poke, huuzwa kwa uzito hata kwenye maduka makubwa. Watoto wakikataa mbichi kuna wa kuchoma. Poi ni magimbi yaliyopondwa mpaka yakawa kama uji mzito wa zambarau, yakiachwa huchachuka. Mimi nililipenda la siku ya pili, mwanangu alinitazama kama mgonjwa. Mashelisheli yapo, yakichomwa ni yale yale ya Unguja. Vitamu ni haupia, tui la nazi lililogandishwa, na kulolo, magimbi kwa nazi. Sosi za hotelini ulizeni kama zina pombe.

Kibla: kaskazini, ukipinda kidogo magharibi. Waliozoea Minneapolis, ambako mnaelekea kaskazini mashariki, msiduwae. Na mkitaka kumpigia bibi, kukiwa saa sita mchana Mombasa, Kailua ni saa tano ya usiku wa kuamkia siku hiyo.

*Naitwa Zainabu. Niko darasa la nne. Nataka kuogelea na kasa na kumshika. Inawezekana? – Nakuru*

Kuogelea karibu naye ndiyo, Zainabu, pale Kahalu'u, kusini kidogo mwa mji, maji ni mafupi na samaki ni wengi. Kumshika hapana. Kaa mbali naye mita tatu au zaidi, na akikujia wewe, mpishe. Usisimame juu ya matumbawe. Na mwambie mama akague mafuta ya kuzuia jua: tangu Januari 2021 Hawaii imepiga marufuku kuuza yale yenye oksibenzoni na oktinoksati, kwa sababu yanadhuru matumbawe.

*Mimi ni mkimbiaji, najaribu sasa na baiskeli. Nimesikia mashindano makubwa kabisa ya Ironman ni huko. Inafaa kwenda kutazama? – K., Eldoret*

Inafaa, kama una pesa za kulala, maana wiki hiyo ya Oktoba vyumba hupanda bei hadi aibu. Mashindano yalianzia kisiwa cha Oahu 1978, yakahamia Kona 1981. Wanaanza kuogelea pale pale gatini, kilomita 3.8, mbele ya hekalu la Kamehameha. Halafu baiskeli kilomita 180 hadi Hawi na kurudi, katikati ya mawe meusi yanayotema joto na upepo wa ubavuni. Kisha mbio kamili za marathoni, na kumalizia Ali'i Drive. Kuanzia 2023 hadi 2025 wanaume na wanawake waligawanywa baina ya Kona na Nice ya Ufaransa. Mwaka 2026 wanarudishwa pamoja Kona.

Mshindi utamwona kwenye simu. Wewe kaa barabarani usiku, maana wana saa 17 za kumaliza, na wanaofika mwisho ndio wenye hadithi. Februari 1982 mwanafunzi Julie Moss alikuwa anaongoza, akaanguka karibu kabisa na utepe, akapitwa, akamalizia wa pili kwa kutambaa. Picha za televisheni za mwanamke yule anayetambaa ndizo zilizoyatangaza mashindano hayo duniani kuliko ushindi wowote.

*Kapteni Cook aliuawa hapo mjini? – Msomaji, Zanzibar*

Hapana. Nahodha huyo Mwingereza aliuawa Ghuba ya Kealakekua, kusini mwa mji, 14 Februari 1779. Mashua ya meli yake moja iliibwa, naye akashuka pwani amchukue mfalme mzee Kalani'opu'u awe rehani mpaka mashua irudishwe. Wenyeji hawakukubali mfalme wao achukuliwe hivyo, naye akauawa ufukweni pamoja na askari wake wanne. Mnara mweupe wa ukumbusho ulisimikwa 1874. Kwa miguu ni njia ya mteremko mkali, na kurudi kupanda juani kunaumiza. Kwa boti ni raha zaidi na maji yake yanaonyesha mpaka chini. Mwenye haraka autazame kutoka ng'ambo, Napo'opo'o, palipo karibu na hekalu la Hikiau.

*Nimeona picha ya mti mkubwa kama mbuyu kwenye mji wa kale wa Hawaii. Ndiyo Kailua? Bado upo? – Fundi, Bujumbura*

Hiyo ni Lahaina, fundi, kisiwa kingine, Maui, na kutoka Kailua utakwenda kwa ndege. Mti ni wa jamii ya mtini, ulipandwa 1873. Moto wa tarehe 8 Agosti 2023 uliuteketeza mji huo, watu zaidi ya 100 wakafa, na majengo ya kale karibu yote ya kando ya bahari yakaungua. Mti uliungua pia, ukapoteza sehemu, lakini ukachipua tena. Wenyeji wanaendelea kujenga. Ukipita, nunua chakula chako kwao, na kamera usiielekeze viwanja vya watu. Huko kuna waliokufa.

Keopuolani, yule mama niliyemtaja kwenye barua ya kwanza, aliyekula na mwanawe Kailua, alifariki huko Lahaina 1823, na kaburi lake liko makaburi ya kanisa la Waiola. Kanisa liliungua. Makaburi yapo.

*Naweza kurudi bara na kahawa na matunda? – J., Seattle*

Kahawa iliyokaangwa, ndiyo, ujaze begi. Buni mbichi zenye ganda, hapana, wala usijaribu. Mananasi na nazi hupita baada ya kukaguliwa, matunda mengine mengi mabichi hayapiti. Wakaguzi wa kilimo wako uwanjani kabla ya kukabidhi mizigo, kwa hiyo fika mapema, na vitu vya kukaguliwa uviweke juu.

Barua kuhusu Honolulu nimezipokea, zinasubiri zamu yake.